Vizibo na Jogoo wa Pongezi

Jumatatu, 9 Machi 2009
Leo nimekuwa nyapara wa mashine ya kusaga mahindi hapa Nateete. Yaani bado, ila nimeshamwambia mke wangu Nusura, naye ameshampigia simu baba yake. Mzee Sufian anakuja Jumapili kutoka Nsambya na jogoo wa pongezi. Sasa lazima niipate kazi yenyewe. Bosi wetu, Hajati Taqwa, amesema mkaguzi anakuja Jumamosi kuangalia kama tunavaa vizibo vya masikio sawasawa. Atakayewafundisha wenzake vizuri ndiye nyapara. Tunaowania ni wawili: mimi, na Sebit mpakia magunia, ambaye hata hajasoma maandishi ya kwenye pakiti. Mimi nimeyasoma. Karibu yote.

Jumanne, 10 Machi
Somo la kwanza. Viringisha kizibo cha sponji kiwe chembamba, vuta sikio juu, ingiza, shikilia mpaka kivimbe. Hilo la kushikilia lilikuwa upande wa pili wa pakiti. Vyangu vikadondoka mbele ya watu. Nikaamuru vipakwe samli. Vikateleza kuingia, vikateleza kutoka. Jioni mama mmoja akarudisha unga, akilalamika kwamba posho yake, yaani ugali, ina kitu kinachotafunika lakini hakimezeki. Hajati akaniangalia mimi. Kwa nini mimi?

Alhamisi, 12 Machi
Nimebuni mtihani. Nasimama nyuma ya mtu, napaza sauti. Akigeuka, amefeli. Hakugeuka hata mmoja. Nikajiona profesa wa Chuo Kikuu cha Kyambogo. Kisha nikanong'ona kwamba chai imefika. Wote mbio. Mumbere, fundi wa mashine, akaniambia hawakuvaa chochote, wamezoea tu kutonisikiliza. Wivu huo. Sebit naye anawavika mmoja mmoja kwa mikono yake. Kazi ya yaya.

Ijumaa, 13 Machi
Dawa imepatikana. Nimeahidi chapati kwa kila atakayeitwa kesho asigeuke. Wamekubali haraka sana. Vizibo vyangu vitabaki mfukoni. Nataka kuzisikia pongezi.

Jumamosi, 14 Machi
Mkaguzi, Bi Alanyo, aliita nyuma yetu. Migongo tu. Akatabasamu. Nikaanza kunusa mchuzi wa jogoo. Halafu mkanda wa mashine ukashika moto. Bi Alanyo akapiga kelele za moto. Nilimsikia vizuri kabisa, lakini nyapara hawezi kuwa wa kwanza kugeuka. Sebit, ambaye huwaambia watu kwamba aliyeziba masikio atumie macho, aliuona moshi, akatugusa mabega, tukatoka. Mimi aliniburuta kwa kola. Suruali imeungua nyuma. Sebit ndiye nyapara. Nimeona aibu mpaka machozi yakanilenga. Wenzangu wamekuja kudai chapati, kwa sababu hawakugeuka.

Jumapili, 15 Machi
Mzee Sufian amefika na jogoo. Nimevaa vizibo nisisikie maswali yake. Kwa mara ya kwanza vimekaa barabara. Kila aliposema neno, niliitikia kwa kichwa. Nusura akanichomoa kimoja. Kumbe mzee alikuwa akiuliza kama ni kweli nyapara ni Sebit, nami nimekubali mara tatu. Nikamweleza kwamba unyapara ni cheo kidogo, nimeukataa, wiki hii nateuliwa mkaguzi. Mzee akafikiri sana. Akamchukua jogoo wake, akasema cheo hicho kinataka mbuzi, atamleta Jumapili ijayo.
Sasa lazima niipate kazi yenyewe.