Kila Mkimbiaji kwa Unyayo Wake

Jumatatu, 4 Machi

Mwezi wa pili sasa naishi kwa dada, katika chumba cha kupigia pasi. Kichwani ubao, miguuni kapu la nguo, ubavuni vitabu vyangu mia mbili na kumi. Asubuhi hii shemeji, mume wa dada, ametoa hukumu kati ya kikombe cha kwanza cha chai na cha pili: nisipopata kazi wiki hii, Jumatatu ijayo nitaanza kupima misumari katika duka lake la vifaa vya ujenzi. Amesema kwa upole. Huo upole ndio ulionitisha.

Misumari! Mimi, mwenye shahada ya lugha za kale!

Lakini Mungu si wa shemeji peke yake. Chuo cha Biblia cha mtaa wa pili kinatafuta mwalimu msaidizi, na Mkuu wa Chuo, mchungaji mzee asiyejua haraka wala mzaha, amebakiza waombaji wawili. Kila mmoja atafundisha somo moja siku ya Ijumaa. Mada: maneno ya michezo katika Kigiriki cha barua za Mtume. Samaki kuulizwa habari za maji!

Mshindani wangu ni mwalimu wa michezo wa shule ya sekondari. Wanafunzi humwita Mapafu. Hajui herufi moja ya Kigiriki. Namwonea huruma, kwa kiasi.

Jumanne, 5 Machi

Nimekutana na Mapafu kwenye lango la chuo. Mtu mrefu, mnyenyekevu, miguu kama mitumbwi. Aliniuliza, kwa adabu iliyonilainisha, kama Mtume aliposema "tuzo" alikuwa na neno maalumu. Nikamweleza kwamba neno ni *brabeion*, yaani kile ambacho mwamuzi wa mashindano humkabidhi mshindi, na kwamba wasomaji wa kwanza wa barua zile waliviona viwanja vya michezo kwa macho yao. Nikamweleza habari za mataji ya majani yaliyonyauka kabla mshindi hajafika kwao. Nikaeleza kwa dakika hamsini. Aliandika kila kitu katika kidaftari, akanishukuru mara tatu, akaniita ndugu yangu.

Nilipofika nyumbani ndipo nilipong'amua kwamba nilikuwa nimemfundisha somo langu lote.

Dada alicheka hadi akaisahau pasi juu ya shati la shemeji. "Yaani mdogo wangu, umempa adui bunduki, risasi na ramani ya nyumba."

Shati limeungua. Nimelaumiwa mimi.

Jumatano, 6 Machi

Fikra kubwa huzaliwa katika dhiki. Kwa kuwa maneno yangu yameibwa, nitafundisha kwa vitendo. Mbio za kweli, kabla ya kipindi, mimi na Mapafu, mbele ya chuo kizima! Mkuu amekubali baada ya kunitazama kwa muda. Mapafu amefurahi mno. Masikini.

Sasa hila yenyewe, ingawa mimi naiita usomi. Mbio za kale ziliitwa *stadion*, na urefu wake ulikuwa nyayo mia sita. Swali ambalo hakuna mwanazuoni aliyewahi kulijibu kwa kuniridhisha: nyayo za nani? Viwanja vya kale vilitofautiana urefu. Kwa hiyo haki, ukiitazama kwa kina, inadai kila mkimbiaji apimiwe kwa unyayo wake mwenyewe. Mimi navaa viatu namba thelathini na tisa. Mapafu arobaini na sita.

Niliazima kiatu chake kimoja kwa ajili ya utafiti. Akanipa bila kuuliza. Mchana mzima nimetambaa uwanjani kwa magoti nikikilaza kiatu kile mara mia sita. Mpishi wa chuo alitoka jikoni na mwiko wake, akaniuliza kama nimepoteza sindano. Nikamjibu kwamba napima ukweli. Akasema basi nikimaliza nimletee na yeye kidogo, akarudi jikoni.

Mstari wa kumalizia ni mmoja, kwenye nguzo ya kamba ya kuanikia nguo. Tofauti iko mwanzoni: mimi naanzia mlangoni pa ukumbi, yeye nyuma ya maktaba, mita thelathini na nane nyuma yangu. Nikamwambia ni utaratibu wa kale. Akasema hata siku hizi wakimbiaji hupishana mahali pa kuanzia, kwa sababu ya kona. Njia ile haina kona.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika kwa jicho moja.

Kabla ya mbio nilihutubia. Nilikuwa moto! Niliwaonyesha jinsi Mtume anavyomchora mkimbiaji: shingo mbele, macho kwenye lengo, kilicho nyuma amekisahau. Kisha filimbi. Nikatoka kama mshale. Nusu ya njia nilikuwa peke yangu duniani. Ndipo nikasikia nyayo. Nyayo zile kubwa, taratibu, kama mtu anayetwanga.

Nikageuka kutazama.

Nguzo ilinipata chini ya jicho la kushoto. Mapafu alikuwa ameshapita, ameshashinda, na ameshaanza kurudi kuniokota.

Nikiwa bado chini nilikumbuka kwamba Mtume ana kitenzi kamili cha pigo la chini ya jicho, *hupopiazo*. Nikakitaja kwa sauti. Hakuna aliyeandika.

Mambo yangeishia hapo. Lakini niliinuka nikaweka pingamizi: kwamba Mapafu alikanyaga nje ya njia yake, na kwamba ushindi wake haukuwa *nomimos*. Mkuu wa Chuo akasogea. Akaniomba, taratibu, niwafafanulie wanafunzi neno hilo.

Ningeweza kunyamaza. Mtu mwingine angenyamaza. Lakini nimeulizwa Kigiriki mbele ya watu sitini! Nikafafanua. Kwamba ni kushindana kwa kufuata sheria. Kwamba wanamichezo wa kale walikula kiapo kuwa hawatafanya hila. Kwamba waliokamatwa wakidanganya walitozwa faini, na kwa faini hizo zikasimamishwa sanamu njiani kuelekea uwanjani, ili kila apitaye asome aibu yao. Kwamba msingi wa yote ni umbali mmoja kwa wote.

"Umbali mmoja?" akauliza Mkuu.

"Mmoja," nikasema.

Mpishi akakohoa. Akasema yeye hakusoma, lakini Jumatano aliniona nikipima njia moja kwa kiatu cha mwalimu na nyingine kwa miguu yangu mitupu, na kwamba hata yeye hawezi kupima unga kwa vikombe viwili tofauti akaiita mizani.

Mkuu akavua miwani.

"Kijana, neno hilo umelifafanua vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Bahati mbaya umejifafanua na wewe mwenyewe."

Kazi amepewa Mapafu. Aliniletea barafu kwenye kitambaa, akaninong'oneza kwamba ningemwambia tu, angenipa mita hamsini.

Jumatatu, 11 Machi

Dukani. Nimepima misumari ya inchi tatu tangu asubuhi. Shemeji ananiita Profesa mbele ya wateja. Mapafu alipita saa nne kuniomba nimfundishe Kigiriki kila Alhamisi. Nimemwambia nitafikiria. Sitafikiria.

Nimetumia mapumziko ya mchana kumwandikia Mkuu rufaa ya kurasa kumi na moja, nyuma ya karatasi za kufungia misumari. Hoja yangu haipingiki: kosa lilikuwa katika mchezo uliochaguliwa. Mbio hupendelea wenye miguu. Mtume anataja pia ngumi, na ngumi ni mchezo wa akili. Nimependekeza mimi na Mapafu tupigane Ijumaa, raundi tatu, uwanjani pale pale.

Dada, aliyeleta chakula, ameisoma rufaa akaniuliza kama najua nani aliyeanzisha timu ya ngumi pale sekondari. Sijui, wala halinihusu. Nimeshasoma sura mbili nzima kuhusu kukwepa.