Kiti cha Mbele Hadi Endasak

Jumatano, 13 Agosti 2014

Nimepata siri! Imakulata wa mapokezi hapa hotelini ni binti wa Dongobesh. Tumesalimiana kwa Kiiraqw, lugha yetu, akafurahi, akanieleza mambo. Anasema ndege ikijaa sana, wenye ndege humtoa abiria mmoja nyuma wakampandisha mbele, kule bizinesi. Bure! Nikamuuliza wanamchaguaje. Akasema hajui, labda anayeonekana amevaa vizuri. Labda! Mimi imenitosha.

Zanzibar tumeletwa na kampuni ya mbegu. Mimi nimeshinda mahindi bora ya Hanang, Alfredi wa Maretadu ameshinda ya Mbulu, kila mmoja na mke wake. Alfredi anasema mahindi yake yalikuwa marefu zaidi. Simjibu. Mtu anayeshinda na kandambili za bafuni tangu tufike hajibiwi.

Keshokutwa tunarudi. Zanzibar hadi Dar, tunasubiri hapo, tunaunganisha hadi KIA, uwanja wa Kilimanjaro. Jumamosi ni posa ya Marieta, binti yetu. Anaposwa na Hilary, bwana mifugo, kijana mpole sana ila mwembamba mno, mtoto wa Mzee Qamara wa Gendabi. Ng'ombe wa Mzee Qamara wakivuka barabara, dereva wa basi anazima injini na kusinzia. Watu wazito! Baba wa binti lazima atokee mezani akiwa na hadhi. Na hadhi gani inaizidi ya kushuka kutoka kiti cha mbele?

Suti ya posa iko kwenye begi. Nitaivaa ndani ya ndege. Genoveva mke wangu amesema suti ya posa ni ya posa. Nimemwambia haoni mbali.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimefanya mazoezi ya suti ufukweni. Jua kali! Tai imenikaba. Mzungu mmoja ameniita, akaniagiza juisi ya embe. Amenidhania meneja! Suti inafanya kazi. Nimempelekea juisi.

Alfredi amecheka mpaka akakaa chini mchangani. Acha acheke.

Nimepiga simu nyumbani Endasak. Nimemwambia shemeji Joakimu narudi bizinesi. Nimemwambia katekista. Nimemwambia fundi baiskeli. Genoveva akauliza kama tiketi imeshabadilika. Nikasema bado kidogo. Akaendelea kukunja khanga alizomnunulia Marieta.

Ijumaa, 15 Agosti. Dar, uwanja wa ndege

Sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Na mimi nimepalizwa!

Ilikuwa hivi. Zanzibar, kaunta ya kukagulia tiketi. Mimi suti, tai, kifua mbele. Nimesimama pale ambapo dada wa kaunta hawezi kukosa kuniona. Ndege imejaa kweli, Imakulata hakukosea! Dada akainua kichwa, akamwita Alfredi. Alfredi! Kaptula, kandambili, kitambaa kichwani! Akamwambia kompyuta imemchagua yeye, mbele kuna kiti kimoja, safari yote hadi KIA. Alfredi akamtazama mkewe Scolastica, akasema asante dada, lakini nimekuja na mama na nitarudi nimekaa na mama.

Kabla hajamaliza nilikuwa nimeshafika kaunta. Nikasema mimi nipo! Dada akauliza, "Na wewe baba, uko peke yako?" Nikasema peke yangu kabisa.

Genoveva alikuwa nyuma yangu. Akashusha begi lake chini. Nadhani alishangaa kwa furaha.

Kiti! Kipana kama kitanda cha seminari! Wamenipa kitambaa cha moto. Nimefuta uso, shingo, makwapa, halafu viatu. Mhudumu amekipokea kwa vidole viwili. Nimeanza kutafuta kitufe cha kulaza kiti. Nimekipata, kiti kikaanza kulala, wakatangaza tunatua Dar. Safari fupi mno! Ningejua ningetafuta kitufe tukiwa bado chini.

Si neno. Dar hadi KIA ndiyo safari yenyewe. Na sasa niko kwenye chumba cha kupumzikia abiria wa mbele. Genoveva, Alfredi na Scolastica wako nje kwenye mabenchi. Mlangoni Genoveva alinishika mkono akasema, "Baba Marieta, angalia saa. Kesho tuna wageni." Nikamwambia nitamletea sambusa.

Chumba hiki! Baridi tamu. Korosho unachota mwenyewe. Sambusa nimeweka za Genoveva mfuko wa kushoto wa koti, na za akiba mfuko wa kulia. Nimempigia Joakimu, katekista na fundi baiskeli, nikawasikilizisha sauti ya barafu kwenye glasi. Simu imeisha chaji. Hapa hawapigi kelele za kutangaza ndege, kimya kabisa, kwa heshima yetu. Kiti kina pa kuegemeza miguu. Nafumba macho kidogo tu.

Ijumaa hiyo hiyo, baadaye

Ndege imeondoka.

Dada wa chumbani anasema alidhani nasafiri kesho, jinsi nilivyokuwa nimelala. Nimekimbia hadi getini. Mhudumu anasema mama mmoja alikataa kupanda mpaka dakika ya mwisho, alikuwa anapiga simu haipatikani. Halafu mzee mmoja wa kandambili akamwambia, "Shemeji, panda. Yeye ni mtu mzima, atafika. Wageni wa kesho wana mwenyeji gani?" Akapanda analia.

Ndege za kesho zimejaa. Nimejionyesha na suti kwenye kaunta zote. Hakuna aliyeniita.

Jumamosi, 16 Agosti. Ndani ya basi

Basi la Singida. Kiti cha mwisho kabisa, juu ya tairi. Mafuta ya sambusa yametoka mifukoni, koti lina madoa mawili makubwa. Kondakta amenichajia simu.

Lakini nimepata mpango! Nitaongoza posa kwa simu. Nimempigia Genoveva, nikamwambia aweke sauti kubwa, aweke simu mezani, mbele ya kiti changu. Akasema kwenye kiti chako amekaa Alfredi. Alfredi! Eti yeye na Scolastica walipitia Endasak wamsaidie, na wazee wa ukoo wakasema haiwezekani kiti cha baba kibaki wazi.

Nimewasalimia wote. Shikamoo Mzee Qamara! Marahaba, akaniuliza habari za safari. Nikasema nzuri sana. Mambo yakaenda. Walizungumza taratibu, kwa adabu, mpaka tukafika Manyoni. Basi likasimama. Pale pale mshenga akasema kwa sauti kubwa, "Baba wa binti, huyu ndiye kijana wetu Hilary. Unampokea?"

Na pale pale mchuuzi akaniingizia kuku wa kuchoma dirishani mpaka puani! Nikapiga kelele, "Sitaki! Mwembamba hivi? Mifupa mitupu! Mrudishe kwenu!"

Mtandao ukakatika.

Nimepiga. Haipatikani. Nimepiga tena. Nimempigia Joakimu, naye hapokei. Abiria wenzangu wanauliza kwa nini baba mzima nafokea simu. Nimemwona Marieta machoni pangu, amevaa khanga mpya, amesimama mlangoni na sinia, amesikia.

Jioni, Singida. Tunalala hapa. Joakimu amepokea. Anasema nilipotamka yale, Mzee Qamara alishika fimbo yake akasimama, na wazee wake wote wakasimama. Marieta akadondosha sinia. Hilary akakaa akitazama mikono yake. Ndipo Alfredi akainuka. Akasema wazee, kaeni, huyo hasemi na kijana, anasema na kuku! Nimesafiri naye wiki nzima, namfahamu, huyu akiona chakula anasahau hata jina lake! Akawasimulia suti ya ufukweni. Akawasimulia kitambaa cha moto, alikiona kupitia pazia la ndege. Mzee Qamara alicheka mpaka akapewa maji.

Posa imepokelewa. Nimekaa chini pale stendi. Nimelia kidogo.

Jumapili, 17 Agosti. Endasak

Nimeshuka barabarani, nikapanda bodaboda hadi nyumbani. Suti imekuwa rangi ya barabara. Watu walikuwa wanatoka misa. Fundi baiskeli akauliza ndege nimeiacha wapi.

Marieta akaja. "Shikamoo baba." Nikasema marahaba mwanangu. Akanipokea begi, akasimama nalo. Akasema, "Nilisikia sauti yako, nikajua yamekwisha. Baba, ulikuwa wapi?"

Nilikuwa na aibu ya kweli. Nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Genoveva akaniwekea ugali na maharage, halafu akaongeza maharage. Wamesema siku ya harusi Alfredi atasimama upande wangu. Nimekubali. Nimeahidi kwamba kuanzia leo sifukuzii viti vya watu tena.

Jumatatu, 18 Agosti

Mzee Qamara amekuja! Kwa mguu kutoka Gendabi, kumwona mtu wa kuku. Amekaa, amekunywa chai, akaniuliza kiti cha mbele kikoje. Nikamweleza. Nikalaza kiti cha uani nikamwonyesha. Akasema amezeeka na hajawahi kupanda ndege. Akasema ana dume la ng'ombe la kuuza, nauli ipo.

Kichwa changu kikawaka!

Harusi ni Oktoba, Jumamosi, misa saa nne asubuhi. Ijumaa mimi na Mzee Qamara tunakwenda Dar kuchukua suti mpya, zinazofanana. Jumamosi asubuhi tunarudi bizinesi. Ndege inatua KIA saa mbili. Saa mbili hadi saa nne, nafasi tele! Kutoka KIA kupita Arusha na Babati basi hutumia muda wa saa tano, lakini dereva akikanyaga vizuri tunakuta kwaya ndiyo kwanza inapasha sauti.

Genoveva na Marieta wasijue. Iwe zawadi.

Na tutakuwa na muda wa kutosha kumwonyesha mzee kile chumba. Kuna kiti cha pili karibu na changu.