Msumari wa Medali

Jumatatu, 3 Juni
Nimepigilia msumari sebuleni, juu ya televisheni. Wa medali yangu. Medali bado, lakini msumari upo. Michezo ya wazee wa mkoa ni Jumamosi, na mimi ndiye katibu wa kamati. Mwaka jana nilishindwa kila kitu, hadi kulenga kopo. Shemeji, kaka wa mke wangu, dereva mstaafu, alipata mbili. Huja nazo shingoni kunywa chai kwangu, zinagongana akiinamia kikombe. Safari hii nimechomeka mchezo mpya kwenye ratiba: kutembea kinyumenyume. Aliyejiandikisha ni mimi tu. Akili ni mali!

Jumanne, 4 Juni
Balaa. Mwenyekiti, nesi mstaafu asiyecheka na mtu, kasema mchezo wa mtu mmoja haufanyiki. Lazima tuwe watatu. Basi natafuta wapinzani, ila wawe dhaifu. Nimeshinda kibarazani nikichunguza miguu ya wapita njia. Kumbe watu wanatembea namna nyingi hivi! Mmoja anatanguliza tumbo. Mwingine utadhani kaangusha sindano. Mara nikasikia mkongojo ndani. Mama mkwe! Tunaishi naye tangu afiwe na mumewe, na kutoka chumbani hadi mezani chai yake inapoa. Nikamwomba kwa adabu zote. Akauliza kama ni kinyumenyume kweli. Nikasema ndiyo, mama. Akakubali. Maskini.

Alhamisi, 6 Juni
Mazoezi ukumbini. Nimekalia ndoo ya maji. Mke wangu kauliza kama nimeanza kuchanganyikiwa. Nikamwambia ni shughuli za kamati. Shida ni kwamba sioni niendako. Lakini si nilikuwa kinyozi? Kioo cha mkononi kipo! Kanuni hazikatazi kioo, niliziandika mwenyewe. Shemeji naye kajiandikisha, wa tatu. Anajigamba kuwa amerudisha basi nyuma maisha yake yote. Acha ajigambe. Basi lina vioo, yeye hana.

Jumamosi, 8 Juni
Uwanja ulifurika. Kila mzee aliniuliza mchezo huu ukoje, na kabla ya zamu yetu nusu ya watazamaji walikuwa wanaujaribu nyuma ya jukwaa, wakigongana na kucheka. Nilijisikia fahari kweli.

Filimbi. Shemeji akapinda shingo, akaishia kukaa kwenye mchanga wa kurukia. Mimi na kioo changu tukaongoza. Kisha jua likaingia kiooni. Sikuona kitu tena. Kilichonisimamisha ni meza ya chai ya kamati. Mwenyekiti alilowa.

Mama mkwe yeye aliweka mkongojo chini. Mgongo ukanyooka. Akarudi nyuma hatua kwa hatua, hakugeuka hata mara moja, vidole vyake vikizungusha kitu ambacho sikukiona. Alifika peke yake, uwanja mzima umesimama. Nikasahau hata goti nililoumiza pale mezani. Nilitaka kujua tu. Nikamfuata nikamuuliza amewezaje.

"Kamba inasokotwa ukirudi nyuma, baba," akasema. "Ulidhani marehemu alikuwa anauza kamba za nani?"

Nilijua marehemu aliuza kamba. Sikuwahi kuuliza nani alizisokota.

Jumapili, 9 Juni
Medali iko msumarini. Mke wangu kaitundika, akausifu msumari kwa uimara. Shemeji kaja kunywa chai shingo tupu. Mama mkwe kakaa chini ya medali yake, anatabasamu. Wivu umenishika, na furaha kidogo pia, sijui vimekaaje pamoja.

Lakini nimejifunza! Mpinzani achunguzwe kwanza. Mwakani naingiza mchezo wa kukaa macho: wa mwisho kusinzia ndiye mshindi. Mpinzani nimeshampata, babu wa nyumba ya pili, aliyelinda ghala usiku tangu ujana wake. Huyu nimemchunguza vizuri. Mchana kutwa anakoroma kwenye kiti.

Nimepigilia msumari wa pili.