Bata Aliyechukua Nafasi Yangu

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Nimechoka na adhuhuri haijafika. Magoti hayataki, macho hayataki, lakini leo nimeitwa kazini.

Mjukuu wangu anatengeneza programu ya kompyuta ya daktari wa meno. Mgonjwa akitaka zamu anaiomba programu, programu inampa saa, asubuhi daktari anafungua orodha anawaona wote. Ndivyo alivyonieleza. Nikamuuliza na yule dada wa mapokezi atakula wapi. Akasema Bibi, tafadhali, usianze.

Basi anataka mgonjwa wa majaribio, wa kwanza kabisa. Mimi! Nikavaa gauni la kutokea. Mtu haendi kwa daktari na nguo za jikoni, hata kama daktari mwenyewe yuko ndani ya kioo. Mjukuu akasema nijaze mwenyewe, ili aone kama mtu wa kawaida anaweza, kisha akaingia bafuni.

Shule sikwenda. Herufi nilizipata ukubwani, kwenye vitabu vyake yeye alipokuwa mdogo, nikijifanya namsaidia. Kwa hiyo nilisoma polepole, kidole juu ya kioo. Jina lako? Nikaandika. Jino gani linauma? Nikaandika yote. Tarehe ya kuzaliwa? Hapo tukashikana mashati, mimi na programu. Tarehe yangu nani anaijua? Marehemu mama alisema nilizaliwa wakati wa mvua, akanyamaza. Nikaliruka swali, ikakataa. Nikaandika mvua, ikakataa. Haina adabu hata kidogo. Nikakikandamiza kile kitufe kirefu cha chini, kile kisichoandika chochote, nikakishikilia mpaka ikachoka kabla yangu. Ikasema asante, umepokelewa.

Nimeishinda. Sikumwambia mjukuu. Mtu hajisifu kwa kila kitu.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Balaa. Programu imekufa.

Ukifungua orodha ya wagonjwa, kioo kinakuwa cheupe, halafu yanatokea maneno mekundu. Mjukuu amezima, amewasha. Amelaumu mtandao. Amelaumu kompyuta. Amejilaumu mwenyewe, na hapo nikamkemea, kwa sababu katika nyumba hii wa kumlaumu nipo.

Ana msimamizi wake anayekaa mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi. Namwita Bwana Kwangu, maana ukimwambia kitu kimeharibika anajibu kwangu inafanya kazi. Leo kapigiwa simu. Kwangu inafanya kazi! Mjukuu akasema kwangu haifanyi. Bwana Kwangu akasema basi tatizo ni lako. Kisha akaongeza kwa sauti ya kistaarabu, ile ya mtu anayekutoa nyumbani kwako taratibu: Ijumaa daktari anataka kuiona programu, na ikigoma mbele yake, itabidi mjukuu ahamie ofisini kwao, afanye kazi mahali anapoonekana.

Nilikuwa jikoni namenya viazi. Nilisikia kila neno, mlango wetu haufungi. Nikaendelea kumenya. Nilipomaliza nikaona nimemenya vya watu wawili. Vya mtu mmoja sijawahi kujifunza.

Hapo nikaamua. Programu itapona, na mimi ndiye nitakayeiponya.

Mpango wa kwanza ulikuwa usafi. Ile kompyuta ina makombo ya mkate tangu iliponunuliwa. Nikavisugua vitufe vyake kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kidogo tu. Mjukuu alipotokea akapiga ukelele mpaka majirani wakadhani kuna nyoka. Akaipindua juu chini, akaipepea kwa gazeti. Imepona, ila herufi L sasa haiingii mpaka uipige ngumi. Nikamwambia apunguze maneno yenye L. 

Jumatano, tarehe 6 Machi

Sikulala vizuri, lakini nimemjua adui.

Ni bata. Bata wa plastiki wa manjano, wale wa kuogeshea watoto, jicho moja limefutika. Anakaa mezani kwa mjukuu kama mkwe aliyetolewa mahari. Leo mjukuu kakwama, kamgeukia, akaanza kumweleza. Kwanza programu inafanya hivi, bata wangu, kisha inafanya vile. Mstari kwa mstari! Nikamshika paji la uso, halina homa.

Akacheka, mara ya kwanza wiki hii. Akasema ndiyo desturi ya watu wa kazi yao. Kosa likikushinda, unamweleza mtu asiyejua chochote, hatua kwa hatua bila kuruka, na ukilazimika kusema kila kitu unasikia mwenyewe pale ulipokosea. Bata anatosha, hakatizi. Nikamuuliza kama anayetakiwa ni asiyejua chochote, mimi nimekaa hapa kama pambo? Akasema Bibi, wewe unajua mengi mno.

Nilifurahi mpaka saa ya chakula. Nilipokuwa natafuna ndipo nikaelewa alichosema.

Huyu msichana nimemlea tangu mama yake alipokwenda kutafuta kazi ughaibuni. Namwita mke mwenzangu, na babu yake alikufa hajaamua ampendelee nani kati yetu. Jino lake la kwanza kung'oka alinionyesha mimi. Kijana wa kwanza kumwandikia barua, mimi ndiye niliyesomewa, na ndiye niliyemfukuza. Leo siri zinakwenda kwa bata!

Alipotoka kununua mkate nikamchukua mheshimiwa nikamzika kwenye kopo la unga. Chini kabisa. Nikasawazisha juu kwa kijiko.

Mjukuu akarudi, akatafuta. Chini ya meza, nyuma ya pazia. Akaniuliza kama nimemwona. Nikasema labda ameruka, bata wana mabawa. Kisha nikavuta kiti, nikakaa pale pale alipokuwa, nikaweka mikono mapajani. Nikasema nieleze mimi.

Akapumua sana, akaanza. Programu inafungua orodha. Nikauliza nani kaiandika, maana mwandiko nao ni jambo. Akasema inamchukua mgonjwa wa kwanza. Nikasema huyo ni mwanamke mzuri. Akasema inamhesabia umri. Nikasema umri wa mtu unaihusu nini programu, kwani inaposa? Akasema Bibi. Nikasema naam. Akasema Bibi, nakuomba. Nikasema nimenyamaza, endelea, ila kama ni umri wangu iweke mdogo.

Akafunga kompyuta, akalaza kichwa juu yake. Hatukufika kwa mgonjwa wa pili.

Jioni nimempikia anachopenda. Amekula nusu. Nusu! Nimeikasirikia sahani.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Siku ndefu kama foleni ya maji. Naandika nimeegemea mto.

Asubuhi mjukuu aliirudisha programu ilivyokuwa wiki iliyopita, kila mstari. Bado inakufa. Akaijaribu kwa mbali kwenye kompyuta ya zahanati ya daktari, na huko inakufa. Bwana Kwangu kapigiwa tena. Kwangu inafanya kazi! Mjukuu akanieleza kwamba programu ni moja, ila Bwana Kwangu anajaribia wagonjwa wake wa kubuni, na sisi tuna wetu. Nikasema basi jibu ni rahisi, wagonjwa wetu wanaumwa zaidi. Akanitazama kwa muda. Nikadhani nimesaidia. Akaenda kunywa maji.

Mpango wa pili, wa siri. Nilichukua simu nikaingia chumbani, nikampigia daktari wa meno. Nikabana pua. Nikasema mimi ni jirani, ile shughuli ya kesho iahirishwe, bibi yake yule binti ni mahututi. Daktari akasikitika. Akauliza anaumwa nini. Sikuwa nimejiandaa. Nikasema jino.

Akasema oh, basi vizuri, kesho binti aje naye, tutamtazama hapa hapa.

Nimeishi miaka mingi duniani, sijawahi kujichimbia shimo zuri hivyo.

Alasiri mjukuu akaja akakaa sakafuni mbele ya kiti changu. Macho mekundu. Akasema hana bata, hana siku nyingine, hana wa kumweleza ila mimi. Akasema Bibi, kaa hapa, lakini usiseme kitu. Hata kikohozi. Nikaapa kwa roho ya babu yake.

Nikakaa. Akaanza mwanzo kabisa, sauti ya chini, hatua baada ya hatua. Programu inafungua. Inasoma. Inamchukua huyu, inamweka pale. Nikajing'ata ulimi. Nikafumba macho ili nisikie vizuri zaidi. Sauti yake ni ile ile ya utotoni, alipokuwa akinisomea nami nikifuata kwa kidole. Nilisikiliza kwa moyo wangu wote.

Nikashtushwa na kelele. Nimeiona! Nimeiona! Mjukuu kanikumbatia, shingo yangu inataka kuvunjika. Nikajifuta mate kidevuni, nikamwambia nilijua.

Akanieleza. Kuna mgonjwa ameweka nafasi tupu mahali pa tarehe ya kuzaliwa. Programu ikaona kuna kitu kimeandikwa, ikampitisha. Ikifungua orodha inataka kumhesabia umri, haikuti tarehe, inaanguka na kuangusha wote. Nikasema watu wengine hawana haya, ni nani huyo? Akageuza kompyuta, nikaona jina.

Langu.

Nikamwambia amlaumu aliyeuliza. Tarehe hiyo sina, ningeitoa wapi, niikope? Akaanza kucheka, katikati ya kicheko akalia, akarudi tena kwenye kicheko. Akasema hapana, Bibi, kosa si lako. Mlangoni nilipaswa kukagua, nikaacha wazi. Watu wasiojua tarehe zao wako wengi, nao wana meno. Akaketi, akapiga L ngumi, akaongeza mahali pa kusema sijui.

Sasa niulize, nani alimsikiliza? Bata alikuwa ndani ya unga.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nusu ya uso haina habari. Naandika kwa upande uliobaki.

Tulikwenda zahanati wote wawili. Njiani mjukuu akauliza mbona daktari amempigia asubuhi kumpa pole ya bibi mahututi. Nikasema majirani siku hizi wanapenda umbea. Akasema jirani huyo ana sauti kama yako, Bibi, imebanwa pua. Nikaongeza mwendo mpaka getini.

Daktari ni mrefu, mikono ya baridi. Dada wa mapokezi akafungua programu. Mjukuu alinishika mkono, nami nikamshika wake, na sijui nani alikuwa akimtia nani nguvu. Dada akabonyeza orodha.

Ikafunguka! Majina yote yamepangana. La kwanza langu. Umri: haujulikani. Dada wa mapokezi akalisoma kwa sauti, chumba kizima cha kusubiri kikanigeukia. Sijawahi kuona umri ulioandikwa vizuri kama huo.

Daktari akajaribu huku, akajaribu kule. Akaingiza wagonjwa wa uongo, akawatoa. Haikuanguka. Akasema ameipenda, anaichukua. Kisha akaona palipoandikwa meno yote yanauma, akanielekeza kwenye kiti. Nikamweleza kwamba yalikuwa majaribio. Akasema fungua kinywa. Akachungulia, akasema moja si la majaribio.

Likang'olewa.

Bwana Kwangu akapiga simu tukiwa barabarani. Akasema alijua tangu mwanzo. Akasema mjukuu abaki hapo alipo, hakuna haja ya kuhama, kazi inaonekana kutoka mbali. Mjukuu akaweka simu mfukoni, akanitazama. Machozi yalikuwa yananitoka. Nikamwambia ni jino. Akasema sawa, Bibi. Akanibebea mkoba mpaka nyumbani, na kwa kawaida simpi mtu mkoba wangu.

Jioni akataka kupika yeye, niwe napumzika. Nikasahau. Akafungua kopo la unga, akachota, akachota tena, akasimama. Bata akatoka mweupe kama aliyefufuka. Mjukuu akampuliza unga. Akamwosha, akamkausha, akamrudisha mezani, akamgeuza anitazame.

Tumetazamana mpaka chakula kikawa tayari. Nina macho mawili, yeye moja. Nimeshinda.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Leo ningelala kutwa, kama si kazi.

Mjukuu amepata kazi nyingine. Fundi cherehani wa ghorofa ya chini anataka programu ya kuhifadhi vipimo vya wateja wake, kiuno cha fulani, mabega ya fulani. Asubuhi yote alikuwa akisomewa na fundi, yeye anaandika, L anapiga ngumi. Nimewapelekea chai. Nimetoa ushauri mdogo tu.

Baada ya chakula mama yake akapiga simu kutoka ughaibuni. Mjukuu akatoka nayo barazani, akapaza sauti kutoka huko: Bibi, usiguse kitu. Nikasema sigusi. Nimekubali kwa moyo mmoja, sina ugomvi.

Lakini kioo kilikuwa wazi na kulikuwa na swali linasubiri. Linawakawaka, maskini, hakuna wa kulijibu, na yeye barazani anacheka na mama yake, nani amkatize? Nikavuta kiti. Nikasoma polepole, kidole juu ya kioo. Vipimo vyote vya wateja vifutwe?

Nikafikiri vizuri, sikukurupuka. Fundi huyu namjua. Amemshonea mke wa kinyozi blauzi ambayo mkono mmoja unafika mwaka huu na wa pili mwaka ujao. Vipimo vya mtu kama huyo ni bora vifutwe aanze upya, na hilo mjukuu kwa upole wake hawezi kumwambia. Nikabonyeza ndiyo.

Ikaniuliza tena kama nina uhakika.

Mimi!