Ufa wa Injinia Raymond

Kuna watu wakiamka wanatafuta kazi, na kuna Raymond, ambaye akiamka anatafuta mtu mwenye kazi. Same mjini walimwita Injinia, ingawa hakuna aliyewahi kuliona daraja lake, wala hata choo chake. Alikuwa na kofia ngumu ya njano, futi ya kupimia na kalamu mbili mfukoni. Vitu hivyo ukivivaa kwa kujiamini, nani atakuuliza cheti?

Jumatatu moja alikuwa anakatiza nyuma ya stendi akauona ukuta wenye maandishi mekundu: NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI. Maandishi hayo yamejaa mijini, na Raymond huyapita akiwa ameinamisha kichwa kwa heshima. Lakini hapa mtu alikuwa ameyapaka chokaa yote isipokuwa NYUMBA HII, kisha akaongeza INAUZWA kwa mkaa. Raymond alivua kofia akamshukuru Mungu hadharani.

Mwenye nyumba alikuwa Mama Ernesta, mjane wa Kipare aliyezaliwa Myamba, mpole wa kusikiliza na mwepesi wa kukaribisha. Kabla chai haijapoa alishamweleza mgeni shida yake yote. Huko kwao juu palikuwa na shamba la tangawizi lenye mfereji wa maji, na mwenye shamba alimpa hadi mwisho wa mwezi kulilipia. Nyumba ikiuzwa vizuri, anarudi kulima kwao. Isipouzwa, atazeekea hapa bondeni akinunua maji kwa madumu. Raymond alisikiliza kwa huzuni kubwa, huku akipiga hesabu.

Aliomba kuikagua nyumba bure, kwa sababu ya utu. Walipofika nyuma, chini ya dirisha la jikoni, aliegemea ukuta na kuanza kusifia bati. Mama Ernesta akatazama bati. Mkono wa Raymond, uliokuwa mgongoni na kipande cha mkaa, ukafanya kazi yake. Aliposogea, ukutani palikuwa na ufa mweusi mwembamba umeshuka hadi chini, umepinda vizuri kabisa. Kwa ufa alikuwa na kipaji, tusimnyime haki yake.

"Mama, huu ufa una muda gani?"

"Ufa gani, mwanangu?"

Akamwonyesha. Akapima kwa futi, akaguna, akapima tena, akatikisa kichwa kama daktari asiyetaka kuwaambia ndugu. Msingi umechoka, alisema. Ardhi ya hapa inatembea. Siku moja mama ataamka akute kitanda chake kimefika Hedaru. Kuutengeneza ni gharama, na kuiuza hivi hivi hakuna mwenye akili atakayeinunua. Lakini kwa vile amemwona kama mzazi wake, yeye Raymond angejitolea kuichukua kwa nusu ya bei na kubeba balaa hilo mwenyewe. Mama Ernesta alishika shavu, akaomba apewe siku mbili za kulia.

Sasa wewe msomaji ujue kwamba jioni ile ile Raymond alikuwa Hedaru kwa Loth, mfanyabiashara wa vitunguu, akimuuzia nyumba hiyo hiyo kwa bei kamili, nyumba ya shangazi yake, imara, haina hata mkwaruzo. Loth alitoa pesa za kishika uchumba na kuahidi kuja kuiona Jumamosi. Kishika uchumba kiligeuka viatu vya ngozi vyenye ncha kali kabla jua halijazama.

Jumatano Injinia alirudi. Chini ya dirisha hakuuona ufa wake. Akadhani amesahau upande, akachora mwingine karibu na mlango wa nyuma, mkubwa zaidi, wenye matawi. Mama Ernesta alipouona alikaa chini kabisa.

"Hili limenizidi," alisema. "Ngoja niite watu."

Raymond akajua wanaitwa mashahidi wa kuweka sahihi. Akaenda kupiga viatu brashi.

Alhamisi asubuhi liliingia lori la Fuso kutoka Myamba. Walishuka watu arobaini wa ukoo na jirani zao, wakiwa na majembe, sululu, karai, magunia ya mahindi na maharage, na mzee mmoja na pembe yake. Mzee akaipuliza, mtaa mzima ukanyamaza. Mama Ernesta alikuwa ameita msaragambo, ile kazi ya wote ya Wapare. Pembe ikilia kila mtu anatoka na jembe, na anayekwepa anatozwa mbuzi. Raymond alikuwa amefika na karatasi za mauziano, na hapo hapo akapewa sululu.

Mbele yao alikuwa Fanueli, kaka wa mama, fundi wa mawe. Watu walipita mmoja mmoja mbele ya ufa, kofia mkononi, kama wanaaga maiti. Fanueli alitega sikio ukutani kwa muda mrefu.

"Inaugua," alisema. "Injinia, ugonjwa uko wapi? Tuonyeshe pa kuchimba."

Angesema nini? Akisema hakuna ugonjwa, biashara imekufa. Akaonyesha kona iliyo mbali kidogo na ukuta. Wakachimba. Mchana Fanueli akatangaza kwamba hapo ardhi ni nzima, pengine ugonjwa uko chini zaidi. Raymond akakubali kwamba uko chini zaidi. Ijumaa ulikuwa bado uko chini zaidi. Kwa kuwa yeye ndiye aliyeujua, walimshusha yeye shimoni, wengine wakivuta udongo kwa kamba na kuimba. Mara mbili alijaribu kutoroka, na mara zote mbili pembe ililia, akarudishwa na vijana wenye adabu sana waliomuuliza kama mbuzi wake yuko karibu. Alikula makande, akaota malengelenge, akachimba. Shimo likawa la mraba, kuta zimenyooka kuliko kitu chochote alichowahi kukisimamia.

Jumamosi asubuhi Fanueli alimshushia saruji na mwiko ili asakafie. Akapiga lipu. Ngazi ilikuwa imeshavutwa juu.

Ndipo aliposikia sauti ya Loth.

Kutoka chini alisikia kila kitu. Loth aliuliza shangazi wa Injinia yuko wapi, na watu arobaini wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mama Ernesta alimwonyesha vyumba, bati, na mwisho tangi jipya la maji ya mvua, kubwa, la kudumu. Loth, aliyekulia kwenye ukame wa tambarare hii, aliongeza bei mwenyewe bila kuombwa.

"Na ule ufa ninaousikia kwa watu hawa?" aliuliza.

Mama Ernesta alilowesha kitambaa akafuta ukuta mara moja, kisha akakikamulia juu ya shimo. Matone meusi yakaangukia kofia ya njano. Kisha akainama kwenye mdomo wa shimo.

"Mwanangu, Jumatatu ufa ulikuwa dirishani, nikaufuta kwa kitambaa cha vyombo. Jumatano ukahamia mlangoni. Miaka ishirini nimetamani tangi hapa, na mafundi wote waliniambia ni ghali. Asante sana."

Raymond akashika mwiko, akaendelea kupiga lipu.

Loth alikumbuka kishika uchumba chake. Mama, aliyeviona viatu vile vipya, akamjibu kiko miguuni mwa Injinia. Kamba ikashushwa, viatu vikapanda juu vikiwa na saruji kwenye ncha, na Loth akavipima hapo hapo. Vilimbana, lakini alivichukua.

Baada ya sahihi ngazi ilirudishwa. Raymond alitoka pekupeku, amepauka kwa saruji mpaka kope. Hakuna aliyemtukana. Mama Ernesta alimpakulia makande ya mwisho, sahani imejaa, maana alikuwa amefanya kazi kweli. Alipomaliza kula, Loth alimwomba jambo moja dogo. Yeye ni mtu wa vitunguu, mwandiko wake mbaya, na ukuta wa mbele sasa ulikuwa na maneno yasiyo ya kweli.

Raymond akatoa mkaa mfukoni. Watu arobaini wakasimama nyuma yake wakimwangalia, na mzee akashika pembe yake tayari. Akafuta INAUZWA kwa kiganja, akaandika HAIUZWI kwa herufi nzuri zilizonyooka. Akageuka kuondoka.

"Malizia," alisema Mama Ernesta.

Akamalizia: OGOPA MATAPELI.