Kiwanja Chenye Presha

Bwana Kipimo hakuwahi kupima kitu maishani mwake isipokuwa akili za watu. Siku hiyo alikuwa kwa kinyozi akisubiri zamu, akamsikia mkandarasi mmoja akilalamika kwamba anatafuta kiwanja kikubwa mjini, popote pale, na bei si tatizo. Kipimo akaondoka na nywele zake. Kiwanja alikijua: lile bohari la mafuta lililofungwa, nyuma ya gereji, mali ya mjane aliyeishi peke yake kwenye kibanda cha mlinzi.

Kesho yake alibisha hodi getini amevaa koti jeupe na kofia ya ujenzi, shingoni kaning'iniza kile kifaa cha daktari cha kusikilizia moyo. Akajitambulisha kuwa mtaalamu wa afya ya ardhi. Mjane akasema hajawahi kusikia kazi hiyo. Kipimo akamtazama kwa huruma, akapiga magoti, akaisikiliza ardhi.

"Mama," alisema, "kiwanja chako kina presha."

"Ya kupanda au ya kushuka?"

"Ya kupanda. Na habari za figo zake sitaki hata kuzisema."

Mjane akajishika kifua, akaingia ndani kumletea mtaalamu maji ya kunywa. Kipimo akachimba shimo chapuchapu kwa koleo alilokuja nalo, akachomoa chupa ndogo ya mafuta ya taa aliyoificha kwenye soksi, akaimimina yote. Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi: amtishe mama wa watu mpaka akitupe kiwanja, yeye akiokote, amuuzie mkandarasi.

Mjane aliporudi, Kipimo alizamisha koleo mbele yake. Likatoka na tope jeusi, zito kama uji, lenye harufu ya kumtoa mtu machozi. Akachimba pale pembeni, ambapo hakumimina kitu, likatoka tope lilelile. Mwingine angeshtuka. Kipimo alistaajabia tu jinsi mafuta ya siku hizi yanavyosambaa, akamshukuru moyoni muuza duka. Kisha akamweleza mjane kwamba mvuke wa tope hilo huingia mapafuni mwa aliyelala, huharibu damu, na hufika mpaka kisimani. Yote hayo yalikuwa kweli tupu, jambo ambalo halijawahi kumtoka mdomoni tangu azaliwe, na yeye mwenyewe hakujua.

Mjane akalia. Nani atakichukua kiwanja chenye maradhi? Hapo Kipimo akapoza sauti, akasema kwamba ana kijumba alichoachiwa na marehemu mama yake, na kwa ajili ya utu tu, yuko tayari wabadilishane.

Mkewe, fundi cherehani, alishonea kwenye baraza ya nyumba hiyo, na hawakuwa na kingine duniani.

"Ukiipoteza hii nyumba, sitagombana na wewe," alimwambia. "Nitaondoka tu."

Kipimo akamwapia kwamba wanahamia ghorofani. Wakaandikiana na mjane kwa wakili, na siku hiyohiyo mjane akahamia kijumbani, Kipimo na mkewe wakaingia kwenye kibanda cha mlinzi. Godoro lake lilikuwa limeshafungwa kamba tangu asubuhi. Kipimo akalihesabu hilo kuwa unadhifu.

Mkandarasi akaja, lakini akaja na wapimaji wa kweli. Hawa hawakusikiliza mapigo ya moyo. Walishindilia bomba refu ardhini, wakavuta udongo, wakachota maji ya kisima, na kifaa chao cha kunusa hewa kikaanza kulia wakiwa bado getini. Siku majibu yalipotoka, mkubwa wao, dada mmoja asiyetabasamu, akamuuliza Kipimo ni nani wanaolala hapo.

"Mimi na mke wangu."

"Hameni leo. Matangi yamevuja chini kwa chini miaka mingi, na mtu akikaa hapa anajitafutia saratani. Na udongo wote huu unachimbwa na kuondolewa kwa gharama za mwenye kiwanja. Mwenye kiwanja ni nani?"

Kipimo akageuka kumtafuta mkandarasi. Mkandarasi alikuwa ameshawasha gari. Mkewe hakugombana, alipakia cherehani kwenye mkokoteni akaenda zake.

Kipimo akakimbilia kwenye nyumba ya mama yake. Barazani akamkuta mkewe anashona, ameshapewa chumba, na mjane anamshikia kitambaa. Hakuna aliyemkaribisha kiti.

"Mama, kile kiwanja kina sumu kweli."

"Si ndivyo ulivyoniambia, mwanangu?"

"Ulikuwa unajua?"

"Wataalamu wamekuja pale miaka nenda miaka rudi," mjane alisema kwa upole. "Wote walikuwa wakweli. Wanapima, wanakimbia. Nimemwomba Mungu mpaka magoti yakaota sugu aniletee mwongo mmoja tu."