Darasa Linaloangalia Barabara

Jumatatu, 4 Novemba 1996

Wanafunzi wamelibatiza darasa langu Tanuri! Darasa nililolichora mimi, Optatus, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa shule! Bati jipya. Madirisha madogo, ya heshima. Uso wote unaangalia barabara, ili malori ya korosho yaendayo Masasi yalione. Bado hakuna dereva aliyepiga honi. Haraka tu. Siku hizi wanunuzi binafsi wanakimbizana kama kuku.

Leo kaja Basil, mhandisi wa wilaya. Anadai kuta zangu ndefu zinapigwa na jua, mmoja asubuhi, wa pili jioni. Alhamisi saa nane mchana atapima joto humo, na pia katika darasa la mtaa wa pili alilojenga Mama Kurwa: paa la nyasi nene, upenu mpana, madirisha yanayotazamana. Nyasi, zama hizi! Lenye ubaridi zaidi ndilo mfano wa shule mpya, na aliyelichora apigiwe kura ya uenyekiti. Kiti changu cha miaka sita! Nikikikosa, nani ataniamkia kwa moyo?

Jumanne, 5 Novemba

Akili ni mali. Nimepanda juu na kumwagia bati pipa zima la maji. Likachemka kama kikaango. Ndani, mvuke mtupu. Mwalimu Leonia, mtu wa Bukoba mwenye adabu zake, akaniambia kwa upole kwamba watoto wamekuja kusoma, si kupikwa.

Mke wangu Winfrida hakuwa mpole. Maji yale aliyapandisha kichwani kutoka bondeni, safari kumi. Akauliza kama mimi, Baba Jonathan, sasa nitaoga bati. Sijaoga.

Jumatano, 6 Novemba

Langu likikataa kupoa, lake na lipate moto! Nimetangaza mkutano wa wakulima kuhusu salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Kesho saa saba, darasani kwa Mama Kurwa. Watu mia! Pumzi, jasho, ubishi! Nilipomwomba ruhusa alisema karibuni sana. Maskini, hajui. Nimecheka njia nzima.

Alhamisi, 7 Novemba

Walikuja wote. Upepo ukaingia dirisha hili, ukatokea lile. Aliyetoka jasho ni mimi peke yangu. Mzee Awadhi wa kamati yetu alisinzia kwa raha.

Saa nane Basil akasoma kipimajoto. Kwangu, darasa tupu: nyuzi thelathini na saba. Kwa Mama Kurwa, na watu mia ndani: ishirini na tisa.

Nikafunga mkutano haraka. Wakakataa kutoka! Mzee Awadhi akazinduka, akasema wakulima hawa ndio wazazi wa shule, akidi imetimia, basi tupige kura ya mwenyekiti papo hapo. Mikono ikapanda yote kwa Mama Kurwa. Hata wa Winfrida! Na mimi ndiye niliyewaita. Nimeumia. Nimeumia kweli.

Ijumaa, 8 Novemba

Mama Kurwa kaja asubuhi na ndoo ya maji kwa Winfrida. Kwangu kaja na ombi: nisimamie ujenzi wa choo cha shule. Alisisitiza nitazame kwanza jua linakopita na upepo unakotoka. Nikaitikia vizuri.

Jua! Upepo! Ramani nilikwisha kuichora kabla hajafika nyumbani kwake. Bati linalong'aa. Madirisha madogo, ya heshima. Milango yote minne, mipana, inaangalia barabara. Safari hii madereva watapiga honi.